Kilomita 27.5 Bila Kuogelea



Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa kicheko na wengine kwa mashaka, kama ni kweli kwamba sisi wa hapa Bariadi tulishiriki triathloni. Si kweli kabisa, wala si uongo kabisa. Triathloni ni mchezo wa mambo matatu yanayofuatana pasipo kupumzika: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa miguu. Tulichokifanya sisi Septemba 2024 kilikuwa na mawili tu kati ya hayo. Basi tumeona vema tuwasimulie jambo hilo tangu mwanzo wake, maana masimulizi yanayozunguka sokoni yamekwisha kutupatia mamba ambaye hakuwapo.

Chanzo chake ni televisheni. Mwishoni mwa Julai 2024, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, vijana wetu wa kwaya walitazama mashindano ya triathloni wakastaajabu kuona watu wanatoka mtoni mbio, wanarukia baiskeli wakiwa bado wanachuruzika maji, kisha wanaitupa baiskeli na kuanza kukimbia tena kana kwamba wanafukuzwa. Mashindano ya wanaume yalikuwa yamepangwa tarehe 30 Julai, yakaahirishwa hadi kesho yake kwa sababu maji ya mto Seine yalikuwa machafu. Jambo hilo liliwafurahisha vijana kuliko ushindi wenyewe. Kumbe Ulaya nako kuna mto ambao mtu hatakiwi kuuingia!

Mchezo wenyewe si wa kale. Mashindano ya kwanza kuitwa kwa jina hilo yalifanyika San Diego, Marekani, Septemba 1974, mwaka ule ule ambao mwezi Februari Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Uliingia Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Umbali wa Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Lakini upo umbali mfupi, nusu ya huo, ambao watu wa kawaida wenye kazi zao na vitambi vyao huweza kuujaribu: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za miguu. Huo mfupi ndio vijana waliotuletea, wakiwa wameuandika kwenye karatasi ya daftari, wakaomba tuwe pamoja nao.

Baiskeli na miguu havikututia hofu. Msukuma na baiskeli ni ndugu wa damu. Katika mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, baiskeli ndiyo iliyobeba pamba, maji, mahari, wagonjwa na maharusi, na mashindano ya baiskeli hukusanya umati ambao mpira wa miguu huuonea wivu. Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa huu, naye wakati huo huo akiwa rais wa Riadha Tanzania, michezo ya barabarani ilipata heshima ya pekee hapa kwetu. Ugumu ulikuwa maji.

Bariadi kiangazi haina maji ya kuogelea. Mito yetu mwezi Septemba ni mchanga mtupu, na anayetaka maji huchimba. Yapo malambo, lakini mzazi yeyote wa hapa atawaeleza kwa nini hapendi mwanawe asogelee lambo. Ziwa Victoria tunalo, kule Lamadi katika Wilaya ya Busega, mwendo wa kilomita 72 hivi kwa barabara ya lami. Tukaenda kuulizia. Wavuvi walitupokea vizuri, wakatukaribisha kwenye benchi lao, wakatusikiliza hadi mwisho. Kisha mzee mmoja akauliza kwa upole mkubwa, "Baba Padre, hao watu unaotaka kuwatia ziwani, wamekukosea nini?"

Akatuhesabia: mamba, viboko wanaotoka jioni na kurudi asubuhi, na kichocho. Kuhusu kichocho hakuhitaji kutushawishi. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini vikapenya ngozi ya mtu pasipo yeye kuhisi kitu, na ingawa dawa ya prazikwanteli ipo, si busara kumwalika mtu augue ili umtibu. Juu ya hayo, katika kundi letu lote waliojua kuogelea walikuwa watatu. Kanda yetu ya Ziwa ilizika mamia ya watu baada ya MV Bukoba kuzama Mei 1996, ikazika tena watu zaidi ya 200 baada ya MV Nyerere kupinduka Septemba 2018, na wengi wetu tunaishi karibu na maji haya kama mtu anavyoishi na jirani mkali: tunasalimiana naye kwa mbali.

Ndipo katekista wetu, ambaye husoma kila kitu, akatuletea faraja. Mwezi Agosti 2023, katika mashindano ya majaribio huko huko Paris, maji ya Seine yaliposhindwa vipimo, mbio za wanariadha wenye ulemavu ziliendeshwa bila kuogelea. Wakakimbia, wakaendesha baiskeli, wakakimbia tena. Huitwa duathloni, nayo ina umbali wake mfupi: kilomita 5 za miguu, 20 za baiskeli, kisha 2.5 za miguu. Ikiwa waandaaji wa Paris waliruhusiwa kuacha mto wao, nasi tukajiona tumeruhusiwa kuwaachia mamba ziwa lao.

Tulijiandikisha watu 23, wanawake sita na wanaume 17, mdogo akiwa na miaka 17. Mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka 61, aliyefundisha historia kwa miaka 34 na ambaye nusu ya watu wazima wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Mwalimu ana kisukari. Anatumia vidonge, na daktari alikuwa amemwambia kwa miaka mingi afanye mazoezi, naye kwa miaka mingi akawa anamjibu daktari kwamba kutembea kwenda shambani ni mazoezi. Alipoleta jina lake tulishangaa. Alikuja na barua ya daktari ya kumruhusu, yenye masharti: apimwe sukari kabla ya kuanza na baada ya kila hatua, na ikishuka chini ya 4 aache papo hapo. Muuguzi mmoja wa jumuiya yetu alikubali kukaa na mashine ya kupimia. Mwalimu akatia sahihi, nasi tukatia sahihi chini yake.

Mkewe hakukubali. Alikuja kutuona mara tatu katika wiki sita za mazoezi. Mara ya tatu hakuketi hata kwenye kiti. Tulimweleza juu ya barua, mashine na muuguzi. Akasema, "Padre, karatasi hizo zitambeba akianguka?" Tukamwambia kwamba mumewe ni mtu mzima, na kwamba kukaa kwenye kiti miaka kumi mingine nako kunaua. Akatuaga kwa adabu zote za mama wa Kisukuma, jambo ambalo lilitusumbua kuliko kama angetugombeza.

Mazoezi tulifanya alfajiri, kabla ya Misa ya asubuhi. Hatukuwa na baiskeli za mashindano isipokuwa mbili za zamani zenye gia. Nyingine zote zilikuwa Phoenix na ndugu zake, zenye karia nyuma na breki za vyuma. Sheria za mchezo zinadai kofia ngumu, kwa hiyo tukaazima za waendesha bodaboda, nzito, zenye harufu ya vichwa vya watu wengi. Chakula chetu kilikuwa michembe. Wauzaji wa dukani wana vipakiti vya sukari na chumvi kwa ajili ya wanariadha, lakini viazi vitamu vilivyokaushwa vimewatembeza Wasukuma na ng'ombe wao safari ndefu kabla vipakiti havijabuniwa, na havimwagiki mfukoni.

Kijana mmoja hakufanya mazoezi pamoja nasi kabisa. Ni muuza maji. Kila siku ya kiangazi hupakia madumu sita ya lita 20 kwenye baiskeli yake, yaani kilo 120, akayazungusha mitaani tangu alfajiri hadi jua la utosi. Tulipomhimiza aje mazoezini, alicheka tu. Siku ya mashindano alipanda baiskeli ile ile ikiwa tupu, akazunguka uwanja mara moja, akarudi na uso wa wasiwasi. "Padre, inaniogopesha," alisema. "Ni nyepesi mno, sijui itanipeleka wapi."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Saa 12 asubuhi uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa, na ngoma zilikuwa zimekwisha kuwambwa karibu na moto. Wageni waliona ajabu kwamba mbio za baiskeli zina wacheza ngoma, lakini kwa Msukuma shindano lisilo na ngoma ni mkutano tu. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana vizazi na vizazi, na katika mashindano yao mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Wala Kanisa halikuwa mgeni katika jambo hilo: kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliiingiza ngoma ya Kisukuma katika ibada, na sikukuu ya Bulabo hadi leo huunganisha maandamano ya Ekaristi na mashindano ya ngoma. Basi nasi tulikuwa na Bagika upande wa mwembe na Bagalu upande wa kisima, kila upande ukiwa na wakimbiaji wake. Sisi tulijitahidi kutokuwa na upande, ila mwembe una kivuli.

Sukari ya Mwalimu ilikuwa 8.4. Muuguzi akaiandika. Filimbi ikalia saa 1 kamili.

Kilomita 5 za kwanza zilikuwa sherehe. Watoto walikimbia nasi, wazee wakatusalimu milangoni, "Ng'wangaluka!", nasi tukaitika hadi pumzi ya kuitikia ikatuishia. Vijana walitoweka mbele yetu mapema. Tulibaki kundi la nyuma: mama mmoja muuza mbogamboga, karani wa chama cha ushirika, Mwalimu na sisi. Mwalimu alikimbia kama alivyokuwa akiandika ubaoni, kwa mistari iliyonyooka, bila haraka. Alifika mahali pa kubadilishia kabla yetu. Tulimwona akinyoosha kidole kwa muuguzi, 6.1, akavaa kofia, akapanda baiskeli na kuondoka. Tulikuwa bado tunatafuta kofia yetu.

Barabara ya Lamadi ni nzuri mno asubuhi. Tulikuwa na askari wawili wa usalama barabarani waliotusaidia, mmoja mwanzo na mmoja kwenye kigeuzo, kilomita 10 kuelekea upande wa Nyakabindi, na katika Jumamosi ile magari yalikuwa machache. Kwenda kulikuwa raha. Upepo wa mashariki ulitusukuma mgongoni hata tukadhani tumekuwa wanariadha. Mashamba ya pamba yalikuwa yamekwisha kung'olewa miti yake, ardhi imelala wazi pande zote mbili, na ng'ombe walitutazama kwa ule utulivu wao unaomfanya mtu ajione ana haraka isiyo na sababu. Kisha tukageuza. Upepo ule ule ulitushika kifua. Kilomita 10 ambazo tulikuwa tumezila kwa dakika 24 zilitugharimu dakika 41 kuzirudia. Breki za vyuma zilikuwa zinagusa tairi bila kuombwa, mnyororo ukalia, kofia ya bodaboda ikawa sufuria juu ya moto. Muuza mbogamboga alitupita akiwa ameinama juu ya usukani, khanga yake imefungwa barabara kiunoni, akasema "Pole, Padre," kwa sauti ya mtu asiye na nafasi ya kusimama.

Walioshuka kwenye baiskeli ili wakimbie wanalijua jambo hili, lakini sisi hatukuwa tumelielewa hata baada ya mazoezi. Unapokanyaga ardhi, miguu si yako. Kwa zaidi ya saa moja imekuwa ikizunguka pedali, na sasa unaiamuru iende mbele, nayo inaendelea kutafuta pedali hewani. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji uwanjani, na watu wale walimwelewa upesi kwa kuwa michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili. Tumesoma sehemu ile mara nyingi altareni. Hatukuwahi kuisoma na magoti yale.

Tulipofika mahali pa kubadilishia, tulimkuta Mwalimu ameketi chini. Kofia ilikuwa bado kichwani. Alikuwa anajaribu kufungua kifungo chake chini ya kidevu na vidole havikukiona. Shati lilikuwa limelowa, naye alikuwa anatetemeka katika jua lile. Muuguzi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alituonyesha mashine bila kusema neno: 3.4.

Alipewa maji yenye sukari vijiko vinne, akanywa yote. Baada ya robo saa akapimwa tena: 5.2. Rangi ikamrudia, vidole vikatulia, akaivua kofia mwenyewe. Akasimama. "Sasa nimepona," alisema. "Bado kilomita mbili na nusu." Muuguzi akamweleza kwamba vidonge anavyotumia vinaendelea kuishusha sukari mwilini, na akikimbia inaweza kuanguka tena ghafla, na safari hii huenda asipate nafasi ya kuketi. Mwalimu hakumjibu. Alitugeukia sisi.

"Padre, Akhwari mngemzuia?"

Kila Mtanzania anamjua John Stephen Akhwari, na waliosoma historia kwa Mwalimu wanamjua zaidi. Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico, alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, wakati watu wengi wamekwisha kuondoka. Tulimjibu kwamba Akhwari aliumia goti. Akili yake ilikuwa timamu na ingeweza kumwambia basi. Sukari ikishuka, kinachozimika kwanza ni hicho kinachotakiwa kuamua.

"Hakuna aliyekuwa na mashine ya kumpima Akhwari," alisema Mwalimu.

Hatukuwa na jibu la hilo, na hatunalo hadi leo. Tulikuwa na karatasi yenye sahihi mbili. Tukamwambia kwamba ameishia hapo. Akatutazama kwa muda, kisha akakaa.

Hapo ndipo mkewe alipokuja. Alikuwa amesimama upande wa mwembe pamoja na wajukuu, na tulidhani anakuja kutushukuru. "Padre," alisema kwa sauti ya chini, "wiki sita nimewasihi mmzuie, mkanikatalia. Leo wanafunzi wake wote wanatazama, wajukuu zake wanatazama, ndipo mmemzuia?" Hakungoja jibu. Akaichukua kofia mkononi mwa mumewe na kuanza kuipangusa jasho kwa upindo wa kitenge chake.

Tungeulizwa leo, tungemzuia tena pale pale. Lakini maneno yale tulikimbia nayo kilomita zote 2.5, na hayakuwa mepesi. Tulikuwa wa mwisho. Ngoma zilikuwa zimekwisha kusahau mbio, Bagika na Bagalu wakishindana wao kwa wao, na umati umewageukia. Saa ya katekista ilituandikia saa 2 na dakika 4. Mshindi, kijana wa kwaya mwenye baiskeli ya gia, alikuwa ametumia saa 1 na dakika 7. Muuza maji alikuwa wa pili, dakika tatu nyuma yake. Alitupa kandambili zake mahali pa kubadilishia na kukimbia pekupeku, na watu wanabishana hadi sasa kama angeshinda iwapo baiskeli yake ingekuwa na gia. Mwenyewe alipoulizwa alisema "Wabeja", akaenda kupakia madumu, kwa sababu Jumamosi ni siku ya wateja.

Jumapili baada ya Misa ya pili, katibu alibandika matokeo kwenye ubao wa matangazo. Majina 22 yalikuwa na muda mbele yake. Mbele ya jina la 23 aliandika "hakumaliza", kama sheria za mchezo zinavyotaka. Mwalimu alisoma orodha yote kutoka juu hadi chini, miwani ikiwa puani, kama mtu anayesahihisha mitihani. Kisha akaenda ofisini, mkewe nyuma yake.

"Mimi nimekwenda kilomita 25," alimwambia katibu. "Tano kwa miguu na 20 kwa baiskeli. Andika hivyo."

Katibu akatutazama. Tukamwambia aandike. Akafuta, akaandika "km 25", akaibandika upya. Mke wa Mwalimu aliipiga picha kwa simu, akatuomba tumsaidie kuituma kwa binti yao aliyeko Dodoma, maana hakuwa na miwani.